Vidonge vya vitamini na saratani ya tezi dume: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Ujiji

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, nina miaka 69, naishi Ujiji. Mwaka jana mkojo uliziba nikawekewa mpira hospitali ya Maweni. Baada ya kipimo cha PSA (kile cha damu cha tezi dume) na kile cha kinyama nikaambiwa ni saratani ya tezi dume na imeshagusa mifupa ya nyonga. Nachomwa sindano kila baada ya miezi mitatu, PSA imeshuka na mkojo unatoka vizuri. Sasa kijana wangu wa Dar amenitumia chupa nne: vitamini E yuniti 400, seleniamu (aina ya madini) maikrogramu 200, zinki miligramu 50, na vidonge vya kalsiamu 500 vyenye vitamini D 400. Anasema vinasaidiana na sindano. Jirani naye kaniletea chupa ya dawa ya miti isiyo na lebo, anadai ilimshushia PSA shemeji yake. Je, nitumie? Na mawese tuliyozoea huku kwetu, niache?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole na kuugua.

Nikupe jibu fupi kwanza ili usiwe unameza huku unasoma. Vitamini E na seleniamu ziweke pembeni kuanzia leo, na zinki nayo. Kalsiamu yenye vitamini D inaweza kubaki, ila kwa kazi tofauti na ile aliyokuambia kijana, na baada ya daktari wako kuiona. Chupa ya jirani usiionje. Mawese kula, kwa kijiko. Lakini najua mwalimu wa hisabati hatoi alama kwa jibu lisilo na njia, kwa hiyo njia ndiyo hii.

Nianze na vitamini E, kwa sababu umaarufu wake kwenye tezi dume haukuanza kwa wafanyabiashara. Ulianzia kwenye utafiti mzuri tu. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walianza kufuatilia wanaume 29,133 wavuta sigara, wenye miaka 50 hadi 69, wakiuliza swali moja: je, vitamini E au beta-karotini (ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A) inakinga saratani ya mapafu? Wengine walipewa hizo, wengine vidonge visivyo na kitu. Mapafu hayakusaidika. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Lakini pembeni kukaonekana jambo: waliomeza vitamini E, miligramu 50 kwa siku, walipata saratani ya tezi dume pungufu kwa asilimia 32. Mwaka 1996 yakatoka matokeo ya Marekani, ambako watu 1,312 walifuatiliwa kuona kama seleniamu inazuia saratani ya ngozi. Kwenye ngozi haikufua dafu, ila wanaume waliopewa seleniamu walionekana kupata saratani ya tezi dume kidogo kuliko wenzao.

Ona kilichotokea hapo. Tafiti zote mbili zilikosa zilichokitafuta, zikaokota kitu kingine njiani. Kitu cha kuokotwa namna hiyo kinaweza kuwa kweli, na kinaweza kuwa bahati ya namba. Namna ya kujua ni moja tu: uliza swali hilohilo makusudi, kwa watu wengi.

Wakauliza. Mwaka 2001 ulianza utafiti mkubwa wa wanaume 35,533 wa Marekani, Canada na Puerto Rico. Wanaume weusi waliruhusiwa kuanzia miaka 50 na wengine kuanzia 55, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata weusi wa huko mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Waligawanywa kwa bahati nasibu makundi manne: la vitamini E, la seleniamu, la vyote viwili, na la vidonge vitupu. Hakuna aliyejua anameza nini, si mgonjwa wala daktari. Na dozi, Mwalimu, zilikuwa vitamini E yuniti 400 na seleniamu maikrogramu 200. Linganisha na chupa zilizo mezani kwako.

Mwaka 2008 waliambiwa waache vidonge kabla ya muda, kwa sababu faida haikuonekana na dalili za madhara zilianza kujitokeza. Waliendelea kufuatiliwa, na mwaka 2011 hesabu ikakamilika. Katika kila wanaume 1,000 waliomeza vidonge vitupu, 65 walipata saratani ya tezi dume ndani ya miaka saba. Katika kila 1,000 waliomeza vitamini E peke yake, waliopata ni 76. Ni ongezeko la asilimia 17, na lilizidi kuonekana hata baada ya vidonge kuachwa. Kidonge kilichokusudiwa kuzuia ndicho kilichoongeza.

Najua swali lako linalofuata: hao walikuwa wazima, mimi ninayo tayari, yananihusu nini? Ni haki kuuliza. Utafiti ule ulihusu kinga, haukuhusu tiba. Lakini upande wa tiba hakuna jaribio lililoonyesha kwamba vitamini E inarudisha nyuma saratani ya tezi dume au inaipa sindano nguvu, na kwa seleniamu habari ni mbaya zaidi. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya wanaume 4,459 wa Marekani waliokuwa wamekwisha kugundulika na saratani hii, ikiwa haijasambaa. Wale waliokuwa wakimeza seleniamu maikrogramu 140 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani hiyo mara 2.6 ya wasiotumia. Hapo hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kila mmoja alimeza kwa hiari yake, hivyo inawezekana waliokuwa na wasiwasi mkubwa ndio waliokimbilia vidonge. Siwezi kuapa kwamba seleniamu ndiyo iliyowaua. Ila chupa yako ina 200, faida kwa aliyekwisha kuugua haijaonekana popote, na hatari imeonekana. Mimi nisingemeza, na baba yangu nisingemruhusu.

Kwa nini kitu kinachosifiwa kulinda seli kifanye hivyo? Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba vitamini E na wenzake hupunguza chembe kali zinazoharibu seli, lakini ulinzi huo hauchagui: ni mwavuli unaomkinga mvua mwenye shamba na mwizi wa mahindi pamoja. Seli ya saratani nayo inaweza kupata nafuu. Hii ndiyo sababu madaktari wengi wa mionzi humwambia mgonjwa asitishe vidonge vya namna hii wakati wa tiba. Mionzi inaua seli za saratani kwa sehemu kubwa kupitia chembe hizohizo kali. Lifikirie hili, kwa kuwa ugonjwa ukiwa kwenye mifupa inaweza kufika siku ukapewa rufaa ya mionzi ya kutuliza maumivu, hospitali ya Ocean Road ya Dar au Bugando ya Mwanza. Usisafiri mpaka Dar kupigwa mionzi huku mfukoni una kapsuli za kuipunguza makali.

Kuna na jambo la damu. Vitamini E kwa dozi kubwa inaongeza uwezekano wa kutoka damu, hasa kwa anayemeza aspirini ya moyo au warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wazee wengi wanaokuja dirishani kwangu wana aspirini ndogo ya kila siku na hawaihesabu kama dawa. Kama unayo, mwambie daktari.

Zinki ina hoja tamu sana ukiisikia kwa wauzaji. Wanasema tezi dume nzima ina zinki nyingi kuliko karibu kiungo chochote kingine, na tezi yenye saratani ina kidogo, basi irudishe kwa kidonge. Sentensi mbili za kwanza ni kweli. Ya tatu haitokani nazo. Seli ya saratani imepoteza uwezo wa kuhifadhi zinki. Kuimwagia zaidi hakuirudishii uwezo huo. Mwanaume mzima anahitaji kama miligramu 11 kwa siku, na kiwango cha juu kinachoshauriwa kisivukwe ni 40. Wewe umetumiwa 50, juu ya ile iliyomo kwenye maharage, nyama na dagaa. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2003 uliona kwamba waliomeza zaidi ya miligramu 100 kwa siku walikuwa na hatari ya saratani ya tezi dume iliyokomaa zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Hujafika huko.

Kinachonisumbua kwako zaidi ni kingine. Zinki nyingi kwa muda mrefu hupunguza madini ya shaba mwilini, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa akipata ganzi au udhaifu wa miguu, daktari anatakiwa afikirie mara moja kwamba uti wa mgongo unabanwa, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Sitaki kidonge kikuletee ganzi ya kupoteza watu njia. Na Mwalimu, hata usipomeza zinki kabisa, miguu ikilegea ghafla, au maumivu mapya ya mgongo yakakuzuia kulala, au mkojo na choo vikashindwa kutoka au kuzuilika, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda Maweni usiku huohuo.

Sasa chupa ya nne, ambayo kijana wako aliipatia pengine bila kujua. Sindano unayochomwa inazima homoni ya kiume, kwa kuwa saratani hii inaitegemea homoni hiyo kukua. Ndiyo maana PSA imeshuka. Lakini homoni hiyohiyo ndiyo inayoshikilia uimara wa mifupa ya mwanaume, na ikizimwa mifupa inapungua uzito mwaka hata mwaka. Mzee anateleza bafuni, nyonga inavunjika. Kwa hiyo wanaotumia sindano hizi hushauriwa wapate jumla ya kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa, na vitamini D yuniti 800 hadi 1,000. Hapo vidonge vyako vina kazi. Kazi hiyo ni ya mifupa. Saratani yenyewe haviigusi: utafiti mkubwa wa Marekani uliowapa watu 25,871 vitamini D yuniti 2,000 kwa siku au vidonge vitupu, kwa miaka kama mitano, haukuona saratani ikipungua kuwapata, ya tezi dume ikiwemo.

Sema usivianze kimya kimya. Mkojo wako uliwahi kuziba, na mkojo ukiziba figo zinaweza kuumia. Daktari aangalie kipimo cha figo kwanza, na umwambie kama uliwahi kuwa na mawe ya figo. Akikubali, hesabu na dagaa. Dagaa wa Kigoma wanaliwa wazima, na kalsiamu imo kwenye mifupa ile midogo inayosagika mdomoni. Siku umekula bakuli la dagaa, kidonge kimoja kinatosha. Siku ya ugali na mchicha, viwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Ukizidisha kalsiamu huongezi mifupa. Ukiandikiwa dripu ya kuimarisha mifupa, kalsiamu na vitamini D vinakuwa vya lazima zaidi, na meno mabovu yang'olewe kabla ya dripu, si baada yake.

Cha kuongeza juu ya kidonge ni miguu. Tembea. Panda kilima cha kwenda sokoni badala ya kuita bodaboda, nyanyua dumu la lita tano mara kadhaa asubuhi kama nyonga haikuumi. Sindano hizi huleta kitambi, hupandisha sukari na kuyeyusha misuli. Mazoezi yana ushahidi hapo kuliko chupa zote nne kwa pamoja, na nashangaa hakuna anayeyatuma kwa basi.

Kuhusu dawa ya jirani, nikueleze habari moja. Miaka ya 1990 Marekani kulikuwa na mchanganyiko wa miti minane uliouzwa kwa jina la PC-SPES kwa wagonjwa kama wewe. PSA ilishuka kweli, na hata hospitali kubwa zikaanza kuuchunguza. Mwaka 2002 uliondolewa sokoni, baada ya maabara kukuta ndani yake dawa za viwandani: warfarini ileile ya kuzuia damu kuganda, dawa ya maumivu, na homoni ya kike ya kutengenezwa. Homoni hiyo ilitumiwa na madaktari kutibu saratani ya tezi dume tangu miaka ya 1940, na inajulikana kwa kugandisha damu miguuni na mapafuni. Watu walidhani wanakunywa miti.

Kwa hiyo shemeji wa jirani akisema PSA yake imeshuka, simwiti mwongo. Nauliza tu: alikuwa anachomwa sindano pia? Alipimwa kwa mashine ileile? Na ndani ya chupa mna nini? Chupa isiyo na lebo haina wa kujibu swali la tatu. Siwadharau waganga wetu. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao, na mwenye usajili hana sababu ya kuficha jina la dawa yake. Jirani mshukuru kwa moyo wake, na chupa usiifungue.

Hao wauzaji wa virutubisho wa semina na WhatsApp nao niwagusie kidogo. Wanakuja na shuhuda za watu walioponywa na picha za vipimo. Ukipata chupa ya kutoka Marekani, igeuze nyuma usome maandishi madogo kabisa, yale yanayohitaji miwani: yanasema bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Mtengenezaji mwenyewe ameandika hivyo. Muuzaji wa huku ndiye anayeongeza uponyaji.

Mawese. Ni kweli mafuta haya mekundu yana karotini nyingi na vitamini E, na naelewa kwa nini ukisoma habari za Finland na Marekani unaweza kuogopa sufuria yako. Usiogope. Mwili unahitaji kama miligramu 15 za vitamini E kwa siku. Kapsuli ya yuniti 400 ina si chini ya miligramu 180. Kijiko cha mawese kina miligramu chache tu, tena nyingi ni za aina tofauti na ile ya kapsuli. Hakuna utafiti uliomkuta mtu akidhuriwa tezi dume na samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese. Hofu yangu kwenye mawese ni ya moyo: karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu, na sindano yako tayari inauongezea moyo mzigo. Kijiko kimoja au viwili kwenye chungu cha familia kinatosha, na usiyaunguze mpaka rangi ipotee, kwa kuwa karotini huondoka nayo. Nyanya za kupikwa kwenye mafuta nazo zinasifiwa sana kwa ugonjwa huu. Ushahidi wake ni dhaifu, lakini nyanya haijamdhuru mtu, kula.

Kabla ya kipimo kijacho cha PSA, angalia nyumbani kama kuna vidonge vya nywele na kucha ambavyo pengine nawe umeonjeshwa. Vingi vina biotini kwa dozi kubwa, na biotini inavuruga baadhi ya mashine za maabara. Kwa kipimo cha namna ya PSA inaweza kuonyesha namba ya chini kuliko iliyopo, mkashangilia bure. Acha siku tatu kabla ya kutoa damu, na mwambie mtu wa maabara.

Siku ya sindano beba chupa zote kwenye mfuko, hata zile ulizoacha, na umwonyeshe daktari. Wagonjwa wengi huficha wakiogopa kufokewa. Afadhali ufokewe kidogo kuliko daktari akuandikie dawa mpya bila kujua nini kiko tumboni. Kama alikuwa na sababu yake ya kukupa kimojawapo, kwa mfano upungufu uliopimwa kwenye damu, neno lake lipite la kwangu.

Kijana wako usimkaripie. Mtoto aliye mbali na mzazi mgonjwa anataka kufanya kitu kwa mikono yake, na chupa ndizo zilizokuwa karibu. Mwambie pesa ya vitamini E na seleniamu aielekeze kwenye kipimo cha PSA, nauli ya rufaa, au akiba ya sindano ili isije ikapitwa tarehe kwa sababu haikupatikana hospitali. Sindano iliyochelewa inarudisha homoni, na hakuna kapsuli inayoziba pengo hilo.

Na zile kapsuli zilizobaki, Mwalimu, usimpe jirani kama shukrani. Yeye hana saratani, na wale wanaume 35,533 walipoanza kumeza hawakuwa nayo vilevile.